Gari Haiwaki Asubuhi: Isikilize Kwanza Kabla Hujanunua Betri

Ukikaa Dodoma mwezi wa sita na wa saba huhitaji kalenda. Saa kumi na mbili asubuhi tega sikio mtaani utasikia stata zinalalamika, huku moja inavuta nyeg nyeg nyeg, kule nyingine tak tak tak, ya tatu inazunguka vizuri kabisa ila injini haishiki, na muda huohuo simu yangu inaanza kuita. Sio kwamba mimi ni fundi. Nimekulia gereji ya mjomba kule Kizota, spana nilizijua kabla ya kazi za ofisini, na watu wa mtaa wanajua hilo kwa hiyo kabla hawajampigia fundi wa kulipwa wanaanza na wa bure. Nimeona bora niandike yote sehemu moja, mtu akipiga namtumia linki.

Simu zenyewe zinafanana. "Kaka shikamoo, samahani kwa usumbufu, gari haiwaki." Haiwaki vipi? "Haiwaki tu kaka, nikiwasha haiwaki." Sasa hapo ndo hasara inapoanzia, maana mtu akishasema haiwaki anafunga mjadala, anayemsikiliza naye anajibu betri hiyo, au plagi hizo, au pampu hiyo, kila mtu anataja spea aliyobadilisha yeye mwaka jana gari yake ikapona. Na fundi akija akiwa na haraka naye anafanya hivyohivyo, tofauti yake ni kwamba yeye anakutajia na bei.

Gari isiyowaka inakuambia inaumwa wapi ndani ya sekunde tano za kwanza, ukizungusha ufunguo tu. Ama ipo kimya au inatoa tak moja ama tak-tak-tak mfululizo, ama inazunguka kivivu mpaka unaionea huruma, ama inazunguka kwa nguvu zake zote lakini moto haushiki. Huyo wa mwisho hana undugu na hao wengine. Kama injini inazunguka kwa kasi yake ya kila siku, achana na habari ya betri kabisa, betri yako nzima, na stata yako nzima, atakayekuuzia betri siku hiyo amekuuzia kitu ambacho hukuwa unahitaji. Na kama haizunguki, achana na plagi na pampu ya mafuta, hata ungeweka plagi za dhahabu zinasubiri injini izunguke kwanza. Hili jambo dogo tu lingewaokolea watu wa mji huu hela nyingi sana.

Tuanze na zisizozunguka maana ndo nyingi.

Washa taa kubwa za mbele, simama ukutane na ukuta au geti uone mwanga, alafu piga stata huku unaangalia. Taa zikififia mpaka zinakaribia kuzimika na stata inalia tak-tak-tak, umeme hautoshi, yaani betri imeishiwa au umeme upo ila unazuiliwa njiani. Taa zikibaki zinawaka vizuri na unasikia tak moja tu nzito, hapo umeme upo, mwenye matatizo ni stata yenyewe, mara nyingi brashi zake za ndani zimekwisha au ile swichi yake ya juu mafundi wanayoiita soleno imeungua. Ukiigonga stata kidogo na mpini wa nyundo saa nyingine inashtuka na inawaka, sio matibabu hayo, ni ya kukufikisha gereji tu. Na taa zikibaki vizuri na hakuna sauti yoyote, hata tak, kabla hujamwita mtu peleka gia ya oto kwenye N ujaribu kuwashia hapo. Kuna swichi inayoangalia kama gia iko P au N, ikichakaa inaanza kutoiona P, na gari inakataa kupiga stata kabisa ikidhani uko kwenye D. Nimeona mtu anataka kuvutwa kutoka Ilazo mpaka mjini kwa tatizo la kusogeza gia. Gari za kuwashia batani nazo zina lao, swichi ya taa za breki ikifa gari haijui kama umekanyaga breki, kwa hiyo haiwaki, na dalili ni kwamba taa za breki nyuma nazo haziwaki ukikanyaga.

Lakini mara nyingi ni umeme hautoshi. Na hapo kabla ya kusema betri, fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Kwenye betri nyingi za gari zetu za Kijapani hapo panafunguliwa na spana namba 10, spana moja tu, na kila mwenye gari anapaswa kuwa nayo kwenye buti. Ukikuta unga mweupe au wa kijani-bluu umejaa pale, umeme unapita kwa shida. Ukishika terminali kwa mkono ikazunguka, iko legelege, na terminali ya gari hairuhusiwi kuzungushika kwa mkono hata kidogo. Fungua hasi kwanza, ndo ufungue chanya, kwenye kurudisha unaanza na chanya. Mwagia maji ya moto kidogo, yenye baking soda ya kupikia maandazi kama ipo, sugua na brashi ya waya au msasa mpaka ung'ae, kausha, kaza. Ule unga usiushike ukajipangusa usoni, una asidi.

Alafu kuna waya ambao hakuna anayeuangalia, ule wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini, mafundi wanauita athi. Huu nitausimulia kidogo.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja mwalimu, ana Toyota yake ndogo anaitunza sana. Ikaanza ugomvi, asubuhi inawaka, mchana akitoka shule inagoma, inatoa tak-tak, wakati mwingine inazunguka kivivu inakaribia kushika inakata. Akapeleka gereji moja, wakaweka betri mpya. Ikatulia siku chache, ikarudi palepale. Wakamwambia sasa ni stata, ikabadilishwa ikawekwa ya mtumba kutoka Japani. Ikagoma tena. Wakapima na kompyuta, zikaja kodi lundo, yaani namba za makosa, sijui sensa hii, sijui sensa ile, wakasema ni control box yote, ile kompyuta ya injini. Bei aliyotajiwa nikimwambia mtu anadhani ananunua pikipiki.

Nilikutana naye dukani jioni. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba baba, hebu nisaidie, hivi kontro boksi ni kitu gani mpaka iuzwe hela yote hii?" Nikamwambia mwalimu usitoe hata mia kwanza, kesho nipitie.

Nilichofanya hakina ufundi wowote mkubwa. Nilichukua mita, hizi mita ndogo za umeme za kushika mkononi wanazouza maduka ya vifaa vya umeme, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na tenki moja la mafuta. Betri ikiwa imelala usiku kucha na imejaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 imepungua, ikifika 12.0 inakaribia kuwa tupu ingawa namba inaonekana bado kubwa, na hapo ndo watu wanapopotea, mtu anaona 12 anasema si betri ya volti 12 bwana, ipo sawa! Hapana. Ya mwalimu ilisoma 12.6 safi. Lakini kupima betri ikiwa haifanyi kazi ni sawa na kupima nguvu za mtu akiwa amekaa kwenye kiti, kwa hiyo nikamwambia apige stata huku mita imeshikwa palepale kwenye betri. Betri nzima wakati stata inazunguka haitakiwi kushuka chini ya kama 9.6. Ya kwake ilibaki kwenye 12 na kitu. Yaani stata inahangaika na betri wala haijui, maana yake umeme hautoki kwenye betri. Nikahamisha mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akapiga tena stata, ikaonyesha volti kadhaa zinapotea njiani, wakati pale panatakiwa pasome karibu na sifuri. Athi. Waya wa athi umeoza kwa ndani, juu plastiki inang'aa, na ile bolti yake kwenye bodi imeshika kutu. Tulienda tukachongewa waya mpya mnene, tukakwangua rangi pale bolti inapokaa, gari ikawaka na ile betri mpya ikaanza kufanya kazi iliyonunuliwa kufanya.

Na zile kodi za kwenye kompyuta? Zilifutika na hazikurudi. Umeme ukishuka chini sana wakati wa stata, control box inaona sensa zote zinaongea pumba, inaandika makosa ya kila mtu. Kwa hiyo mashine ya kupima ni kifaa kizuri sana, siipingi, ila haina macho ya kuona waya uliooza, na mtu anayesoma kodi bila kupima betri kwanza anakusomea ramli.

Sasa kwa nini Dodoma betri zinasumbua namna hii? Watu wanasema baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai unaweza kushuka mpaka nyuzi 13 hivi, kwa sisi hiyo ni baridi ya masweta na makoti, lakini kwa betri hiyo wala sio baridi ya kutisha, Wajapani waliozitumia hizo gari kabla yetu walikuwa wanaziwashia kwenye theluji. Baridi yetu inafichua tu. Anayeua betri ni jua la mwezi wa kumi na wa kumi na moja, gari imepaki nje kutwa bila kivuli, chini ya boneti kunachemka, maji ya betri yanapungua na sahani za risasi za ndani zinaoza haraka. Betri inatoka hapo nusu mfu, masika hugundui kwa sababu hewa ya joto inaisaidia, ikifika Juni oili imekuwa nzito kidogo asubuhi na stata inataka nguvu zaidi, ndo betri inasema basi. Ukinunua betri mpya Julai umelipia deni la Oktoba.

Alafu kuna ugonjwa wa gari kulala. Huu naona ni wa Dodoma zaidi kuliko mikoa mingine, na nina sababu. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa watu ambao nusu ya maisha yao iko Dar es Salaam. Ijumaa jioni anaondoka, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024 hata gari haendi nayo tena, inabaki nyumbani. Mwingine safari ya kikazi wiki tatu, mwingine likizo. Gari inalala, lakini vitu vyake havilali, alamu inakula umeme, traka inakula umeme, redio ya Android aliyofungiwa na kijana wa mjini inakula umeme, kamera ya dashibodi nayo. Kila kimoja kinakula kidogo sana, ila usiku na mchana. Na akirudi anatembea nayo kutoka Area D mpaka ofisini mjini, dakika saba, taa zimewaka, feni imewaka, AC imewaka, dinamo (wengine alternata) haijapata hata muda wa kurudisha kile stata ilichotumia kuwashia. Betri ya hivi inaishi na njaa. Na betri ya risasi na asidi, hii hii iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ikikaa na njaa muda mrefu sahani zake zinaota chumvi ngumu ambayo chaji ya kawaida haiwezi kuirudisha. Ndo maana unaweza kuchaji betri usiku kucha ikasoma 12.6 vizuri na asubuhi isipige stata hata moja.

Ukitaka kujua kama dinamo inachaji, gari ikiwa inawaka pima tena kwenye betri, isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikisoma 12 na inashuka, betri haina kosa, hailishwi. Na tafadhali acheni ule mchezo wa kuchomoa terminali gari ikiwa inanguruma "kupima kama dinamo inafanya kazi". Ulikuwa mchezo wa magari ya zamani. Kwenye gari yenye kompyuta umeme unaweza kuruka juu ghafla ukachoma vitu ambavyo bei yake utaijutia.

Kubusti sasa, yaani kuazima umeme wa gari nyingine kwa nyaya. Nyaya nyingi zinazouzwa barabarani ni plastiki nene na shaba nyembamba, zinapata moto na stata haizunguki, watu wanadhani gari imeshindikana kumbe waya. Nyekundu unaanza kwenye chanya ya gari iliyokufa, kisha chanya ya gari nzima, nyeusi kwenye hasi ya gari nzima, na ya mwisho usiiweke kwenye hasi ya betri iliyokufa, ibane kwenye chuma kitupu cha injini mbali kidogo na betri. Betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho huwa inatokea pale unapobana mara ya mwisho, hutaki cheche na haidrojeni zikutane usoni kwako. Iache gari nzima inanguruma dakika tano hivi ndo upige stata. Na la muhimu kuliko yote, usibusti kutoka kwenye lori. Fuso na Scania zinatumia volti 24, gari yako 12, dereva wa lori anaweza kuwa na moyo wa kusaidia kabisa na akakuunguzia gari kwa upendo.

Kusukuma? Gari ya gia za mkono sawa, switchi on, gia ya pili, klachi chini, ikishika mwendo unaachia. Gari ya oto mnajichosha bure. Ili magurudumu yaizungushe injini, gia boksi ya oto inahitaji presha ya oili, na presha hiyo inatengenezwa na pampu inayozungushwa na injini, ambayo haizunguki. Utawaona vijana saba wanasukuma Toyota IST ya oto kuelekea chini, jasho linawatoka, wakimaliza wanaomba ya soda, na ukweli wanastahili soda ila gari haitawaka. Wazee wetu walikuwa na hendeli, lile chuma unachomeka mbele ya lori la Bedford unazungusha mwenyewe, na likirudi kinyume linavunja mkono. Stata ya umeme ilianza kuuzwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, kazi ya mhandisi Charles Kettering, na moja ya sababu za kuihitaji ilikuwa hiyohiyo mikono.

Haya, upande wa pili, gari inazunguka kwa nguvu ila haishiki.

Mafuta yapo? Usicheke. Geji za gari za mtumba nyingine zimekufa siku nyingi, na ukiwa na mafuta ya chini alafu ukapaki kwenye mteremko, mfano kule Mlimwa, mafuta yanaenda upande mmoja wa tenki na pampu inavuta hewa. Isogezeni sehemu tambarare.

Kama yapo, zima redio, funga vioo, weka switchi on bila kupiga stata na usikilize upande wa siti ya nyuma. Kwenye gari nyingi utasikia pampu inalia zzzz sekunde mbili hivi kisha inanyamaza. Kuna zinazosubiri mpaka upige stata, kwa hiyo ukimya peke yake sio hukumu, lakini kama ulizoea kuisikia kila siku na leo hakuna, kaangalie fyuzi ya EFI (mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta) na rilei ya pampu (kile kiboksi kidogo cha swichi ya umeme) kabla ya kufikiria pampu. Rilei za Toyota mara nyingi mbili tatu zinafanana namba, unaweza kuazima ya honi ukaichomeka pale ukajaribu, ikiwaka umejua tatizo bila kutoa shilingi.

Kuna gari inagoma kwa sababu ya boza la maji. Namaanisha hivi, maji mtaani hayajatoka, umeagiza boza, limekuja saa kumi na mbili asubuhi na gari yako imeziba geti. Unaiwasha, unaisogeza mita kumi, unaizima. Baada ya nusu saa unataka kwenda kazini, inazunguka tu haishiki. Injini ikiwa ya baridi inamwagiwa petroli nyingi makusudi, ukiizima kabla haijapata moto ile petroli inabaki, plagi zinalowa. Kanyaga mafuta mpaka chini kabisa, shikilia hapo, piga stata sekunde nane hivi. Kwenye gari nyingi za EFI hiyo ndo lugha ya kuiambia kompyuta ifunge mafuta na kuacha hewa ikaushe. Itakohoa, itatoa harufu, itashika. Zikiwa zimelowa sana zitoe plagi uzifute. Na stata usiishikilie zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, ipumzishe kama nusu dakika au dakika nzima, inapata moto ndani wewe hujui.

Plagi, na koili zinazozipa umeme wa cheche, naona zinasingiziwa sana. Fikiria mwenyewe, injini ya silinda nne yenye koili nne, koili moja ikifa zinabaki tatu, gari itawaka, itatetemeka na itakosa nguvu ila itawaka. Kwa hiyo ukiambiwa jana ilikuwa mzima kabisa na leo haiwaki hata kidogo kwa sababu ya koili moja, muulize fundi zile tatu zimegoma kumuunga mkono mwenzao? Kitu kinachozima zote kwa mpigo ni kitu kimoja kinachozihudumia zote, fyuzi, rilei, au sensa ya kranki. Hii sensa ndo inaiambia kompyuta injini imefika wapi, ikinyamaza hakuna moto wala mafuta. Tabia yake naijua kwa watu wanaosafiri njia ya Manyoni mchana, gari inakata moto yenyewe injini ikiwa ya moto, haiwaki, wanakaa chini ya mti nusu saa, ikipoa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukisikia hadithi ya aina hiyo sensa ya kranki iwe mshukiwa wako wa kwanza, pampu ya mafuta wa pili.

Angalia pia taa ndogo ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikiendelea kupepesa wakati switchi ipo on, gari haijautambua ufunguo, imejilinda. Jaribu ufunguo wa akiba. Ule uliochongwa mjini unafungua mlango vizuri tu, ila kama hauna chipu ndani hautawasha injini.

Na ikizunguka kwa sauti nyepesi ya haraka isiyo ya kawaida, viiiii, kana kwamba hakuna uzito ndani, acha hapohapo usirudie. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kwenye baadhi ya injini kila ukipiga stata unazidi kupinda valvu.

Panya nao. Mitaa mipya, Iyumbu, Nala, Ihumwa, nyumba zimeota katikati ya mashamba, watu wakishavuna mtama na karanga panya wanahamia kwenye injini kwa sababu ya joto. Kabla hujaamini kwamba sensa imekufa angalia kama waya wake bado upo. Nimeshakuta kiota cha majani makavu na maganda ya karanga juu ya injini, na waya wa njano umetafunwa mpaka shaba inaonekana.

Vumbi kila mtu analilaumu, mimi nalitetea. Vumbi la Dodoma linaziba filta ya hewa, linaongeza ulaji wa mafuta, linachafua sensa ya hewa gari ikawa nzito, ila kugomesha gari isiwake kabisa asubuhi ni nadra. Mafuta machafu yangeweza kuingia hapo, na zamani yalikuwa janga, petroli inachanganywa na mafuta ya taa, mpaka EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010. Siku hizi ukijaza sehemu alafu gari ikaanza kugoma siku hiyohiyo, fikiria maji kwenye tenki, tunza risiti.

Dizeli sitaki kurefusha, zina mambo mawili tu asubuhi ya baridi, subiri ile taa ya njano yenye mchoro wa koili, ya hita za injini, izime ndo upige stata, na kama ilibadilishwa filta jana basi kuna hewa kwenye mafuta, minya ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu.

Kwa hiyo ukipiga simu, kwangu au kwa fundi, sema inatoa sauti gani, taa zinafifia au hazififii, mara ya mwisho iliwaka lini, na kuna nini kilifanyika kabla, ilioshwa injini, ilifungwa redio, ililala wiki mbili. Fundi mzuri atakuuliza hayo hata usiposema. Asiyeuliza chochote na tayari ameshataja bei, mshukuru, mwambie utampigia.

Na wewe unayepanda treni Ijumaa na kurudi baada ya wiki tatu, ile spana namba 10 fungua hasi ya betri uiache pembeni, ukirudi unakaza inawaka. Saa itapotea, sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) itapanda na kushuka dakika chache mpaka kompyuta ijizoeze tena, hiyo kawaida. Ila angalia redio. Baadhi ya redio za Kijapani zikikatiwa umeme zinajifunga, zinadai namba ya siri au diski ya ramani ambayo ilibaki Japani na mwenye gari wa kwanza. Kama yako ni ya hivyo usichomoe kitu, mwachie ufunguo mtu mwenye leseni aizungushe mpaka Ihumwa na kurudi mara moja kwa wiki, na umwachie na hela ya mafuta, maana mdogo wangu aliachiwa gari ya bosi wake kwa kazi hiyo mwezi mzima bila hata shilingi ya petroli, akawa anaiwasha dakika mbili getini anazima, na mwenye gari aliporudi kutoka Dar alimkuta ameshaandaa nyaya za kubusti.